Kiti Alichokikataa Mzee Isaac

Noonkopir, Kitengela
Jumatano

Kwa Papa mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe pamoja na mama yangu, Yeyo. Mgongo unaendeleaje? Na ng'ombe, wameonja nyasi mpya baada ya hii mvua? Mimi niko mzima kabisa, ni furaha tu inanisumbua. Barua hii nimempa kaka Lemein akuletee, kwa sababu kwa simu maneno haya yangenishinda.

Papa, nimepata kazi! Niko ofisi ya itifaki, huko Kajiado mjini. Usicheke, hata mimi sikujua hiyo ni kitu gani. Jirani yangu Makena, ambaye ni nesi, aliniambia itifaki ni zile hatua za kumtibu mgonjwa, na huwezi kuruka hata moja. Mume wake Gitonga, fundi wa kompyuta, akakataa katakata. Alisema ni masharti ya mashine kuongea: moja inabisha hodi, inangoja iitikiwe, ndiyo ianze kutuma habari. Walibishana mpaka chai ikapoa! Bosi wangu, Bi. Margaret, ndiye alikata maneno. Alisema kwetu ni nani anaketi wapi na nani anasalimiwa kwanza, na nikiharibu kabla miezi ya majaribio iishe, nirudi nyumbani.

Basi Ijumaa tulikuwa na sherehe ya kufungua kiwanda kidogo cha maziwa. Viti nilivipanga mimi, kila kimoja na jina lake. Wageni wote wakaketi, isipokuwa Mzee Isaac, mwenyekiti wa wafugaji. Alisimama juani na fimbo yake, akiangalia barabara. Watu wakaanza kunong'ona kwamba anawadharau wageni. Bi. Margaret, macho yamemtoka, akaniuliza nimefanya nini.

Nikaangalia kiti kilicho kando ya chake. Wuui, Papa! Nilikuwa nimempanga bega kwa bega na mama mkwe wake! Mimi, Mmaasai mzima, nisahau kwamba kwetu mtu na mama mkwe wake hawaketi pamoja! Yule mama alikuwa ameshajifunika uso na shuka. Nilimkimbilia, nikainamisha kichwa kama mtoto wa kwetu anavyomsalimu mkubwa, akakigusa, nikamwomba tuhamie upande ule mwingine wa hema, mbele vilevile. Alinishukuru sana. Mzee akaketi, na hotuba yake ilipigiwa makofi kuliko zote. Jumatatu nikapewa barua ya kuajiriwa. Nilipiga kelele ofisini bila aibu!

Lakini tangu yule mama aniguse kichwa, kuna kitu kinaniuma. Unakumbuka siku uliniletea kibuyu cha maziwa chuoni? Ulinyoosha mkono uniguse kichwa, na mimi, kwa vile wenzangu walikuwa wanatazama, nikakupa mkono kama mtu wa rika lako. Uliushika, ukaenda. Papa, kuna jambo hukulisikia. Waliponiuliza wewe ni nani, niliwaambia ni jirani yetu tu. Hii miaka miwili sijaja nyumbani nimesingizia masomo, kumbe ni aibu. Nisamehe.

Jumamosi nakuja. Tafadhali usitoke mapema na mifugo. Nitasimama mlangoni pa boma, niinamishe kichwa, na sitaingia mpaka uniguse.

Msalimie Yeyo na wote wa nyumbani.

Ni mimi mtoto wako,
Evalyne Seleyian