Ukurasa wa Zuhura Kutoka Dunguni

Jumatatu, 12 Mei

Chai, mihogo, kisha madaftari ya wanafunzi. Kila asubuhi nampangia Idi wangu. Wiki ya tisa ya ndoa. Nikiuona mwandiko wake mwekundu pembeni, nacheka peke yangu. Mtu wa Kondoa, kaja kufundisha Mtunda, kanikuta mimi!

Darasa la sita wanaandika ukurasa mmoja kila siku, maneno yao wenyewe. Hakuna kunakili ubaoni. Mimi nilinakili mpaka nikamaliza kidato cha nne. Daftari hili kanipa yeye.

Msimu wa kuamia ndege. Watoto wakitoka shule wanashinda dunguni, kile kibanda cha juu ya miti, wakiufukuzia mpunga ndege. Idi kawaambia waandike hukohuko. Mzaliwa wa hapa anajua: aliye dunguni hainamishi kichwa. Sikusema. Nilikuwa namtazama anavyoongea.

Jumatano, 14 Mei

Limetokea. Zuhura wa darasa la sita aliinamia daftari, ndege kwelea wakashuka. Kona nzima ya shamba imeliwa. Baba yake, Mzee Seif, kaja mpaka mlangoni.

"Mwalimu, kalamu yako imekula mpunga wangu."

Zuhura harudi shule. Mwalimu mkuu kasema mzazi mwingine akilalamika, kipindi cha kuandika kinafutwa. Idi hakula. Kosa langu.

Ijumaa, 16 Mei

Nimemwambia Idi kwamba nilijua. Akauliza ndege hushuka saa ngapi. Nampenda mpaka naona haya.

Sasa wanaandika darasani tu, kabla ya hesabu. Nafasi ya Zuhura tupu.

Jumapili, 18 Mei

Nimekwenda kwa Mzee Seif kusaidia kuamia. Nimepiga debe la kufukuzia ndege mpaka mikono imekufa ganzi. Zuhura alikuwa kisimani. Baba yake hakunikaribisha, hakunifukuza. Mchana akashusha daftari la Zuhura kutoka kwenye paa la dungu.

"Mke wa mwalimu, hebu nisomee hicho kilichokula mpunga."

Nikasoma. "Baba akifukuza ndege huwaita majina ya mashemeji zake. Hamisi, toka! Kassimu, mlafi we!"

Alicheka mpaka akakohoa. "Kayaandika hayo? Wajomba zake wakisoma je!"

Nikaendelea. "Akinyamaza, najua mgongo umemkaza. Hasemi. Leo nataka nimwambie..."

Hapo ndipo kwelea waliposhuka.

"Aniambie nini?"

"Hajamaliza, baba."

Alitazama mpunga. Mkono mmoja kiunoni.

"Si aje amalize, basi."

Jumanne, 20 Mei

Mvua kidogo asubuhi. Zuhura kaenda shule. Mzee Seif yuko dunguni mwenyewe, sauti yake inafika huku. Leo ni zamu ya Kassimu.

Idi karudi na madaftari. Nimelifungua la Zuhura kwanza. Sentensi imekwisha: "Leo nataka nimwambie akae, debe nipige mimi."

Pembeni Idi hakuandika kitu. Nimeliweka juu ya mengine.