Anayesoma Asiwe Aliyeandika

Gliwice, 2 Novemba 1998

Kwako Lodzia, mwenzangu wa tangu ujana,

Pokea salamu zangu, wala usishtuke kuuona mwandiko huu baada ya miaka ishirini na sita. U hali gani huko Suwałki? Nasikia baridi imeshaanza kung'ata. Magoti yako yanaionaje? Mimi ni mzima, ila kikohozi na usingizi wa mang'amung'amu.

Jana, Siku ya Watakatifu Wote, nilikwenda makaburini kama kila mwaka, nikamwashia mshumaa Alojz Pyka, yule mchochea moto aliyekufa boila ya kiwanda ilipopasuka. Mjane wake alinikuta pale. Alinishukuru, akasema nina moyo, maana hata ndugu zake hawaji. Nilishindwa kumtazama usoni.

Pengine umesikia habari zangu redioni. Njia yangu ya kukagua programu za kompyuta sasa inafundishwa hadi Japani. Watu wanne hukaa mezani, programu ikasomwa kwa sauti mstari kwa mstari, na sharti kuu ni kwamba anayesoma asiwe aliyeandika, na aliyeandika anyamaze. Vijana wangu hunitania kwamba hata orodha ya sokoni sijisomei. Mwezi ujao chuo kikuu kitanipa nishani, na wameniomba nieleze sharti hilo nililipata wapi. Siku zote nimejibu kwamba nilikaa tu nikafikiri.

Unakumbuka mwaka ule wa 1972. Mimi niliandika programu ya boila kwa mkono, wewe ukaitoboa matundu kwenye kadi zilizosomwa na kompyuta. Kikomo cha shinikizo la mvuke kilitakiwa kuwa 16. Kadi ikasema 61, na boila ikapasuka. Mzee Kubica, mkuu wetu, alikuuliza mbele ya watu wote kama ulikuwa unatoboa kadi huku unaota bwana. Ukaapa kwamba ulitoboa ulichokiona. Akacheka, akasema basi twende tukamuulize marehemu. Wiki hiyohiyo ukafukuzwa, na wenzetu wakakwepa hata kukusalimu kwenye foleni ya mkate. Nami nilikuwa mmoja wao.

Lodzia, uliapa kweli. Karatasi yangu inasema 61, kwa mkono wangu mwenyewe. Kabla sijakukabidhi niliisoma kwa sauti mara mbili, na mara zote mbili nikasoma kumi na sita, kwa sababu ndivyo nilivyokusudia. Niligundua jioni ya mazishi, nikaishonea ndani ya mto wa kochi. Sharti langu lote limetoka hapo. Tangu siku ile, msomaji akifika kwenye tarakimu, namsikia Alojz akivuta pumzi nyuma ya kiti changu. Naogopa, na naona haya. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenichukua hadi uzeeni.

Karatasi yenyewe imo humu, pamoja na tiketi ya treni. Njoo siku ya nishani. Nimewaambia kipaza sauti kiwekwe mbele yako, na mjane wa Pyka nimemwalika. Isome wewe. Mimi nitakaa nimenyamaza.

Nisalimie kaka yako na wote wa nyumbani. Ukikataa kuja sitakulaumu, ila usinirudishie karatasi; mwonyeshe kila aliyewahi kukunyooshea kidole, ukianza na mimi.

Ni mimi niliyekukosea,
Bogna Wrzesińska