Kambamiti wa Baba Mkwe

Jumamosi, Tukuyu

Na maganda yao! Nimebeba kambamiti kwenye barafu kutoka Bagamoyo mpaka huku, nikapita soko la Mwanjelwa kutafuta nazi ya kuwapikia. Natoka kuoga, nakuta mama mkwe ameshawang'oa miguu na kuwakaanga bila mafuta, kwa chumvi tu, kama kumbikumbi.

Nilitaka kulia. Kamba hao ndio walikuwa waniombee ng'ombe wawili kwa baba mkwe, ili nipanue bwawa langu la kufugia kamba.

Kwa mila za hapa, mimi mke wa mwanawe na baba mkwe hatuonani. Kwa hiyo nilikaa jikoni, yeye uani, ukuta katikati, mama akibeba maneno. Kwa muda mrefu nilisikia kutafuna tu. Kru, kru.

"Mwambie mkwe ni watamu," akasema hatimaye. "Ng'ombe nitauza."

Nikarukaruka kimyakimya, mwiko mkononi.

"Ila mwambie alifunike hilo bwawa. Mvua ikianza hawa wataruka wote waende zao."

Mama akaja kunirudia neno kwa neno, kana kwamba mimi kiziwi. Nikabana kicheko. "Mwambie baba nitalifunika."

Sasa nimelala na kicheko kimeisha. Masika iliyopita maji yalibomoa ukingo, kamba wangu wote wakarudi baharini. Tunajua mimi na mume wangu tu.

Hao aliowatafuna mzee leo niliwanunua sokoni.