Mwanamke wa Dirishani

Jumapili, Julai 2016

Picha za Neema nimewaonyesha watu wote kanisani. Binti yangu anazunguka vijiji vya Ufaransa kwa gari, anasimama anapotaka. Nani mwingine hapa kanisani kwetu New Hope ana mtoto kama huyo?

Mama Furaha akauliza, "Huyu dirishani nyuma yake ni nani?"

Nikakuza picha. Mwanamke mzee, kitenge cha bluu chenye ndege. Ni kile tulichoshonea sare ya msiba wa mama yangu, kule mjini Uvira, Kongo. Naye tulimzika nacho.

Nikampigia Neema.

"Mama, ile nyumba haina mtu. Haina hata paa."

Nimemwambia alale na milango ya gari imefungwa. Lakini mama alikufa bila kumwona mjukuu huyu; sasa amekuja kumwona, na mimi nimemfungia nje.