Makato ya Marehemu

Jumatatu, 4 Machi

Wamepiga simu kutoka kiwandani. Nilikuwa darasani, watoto wa chekechea wanapaka rangi, nikatoka nje na brashi mkononi. Sauti ya kike, ya upole. Jina la mumeo limo kwenye orodha ya bonasi. Nikamwambia mume wangu amefariki Januari. Akasema anajua, pole sana mama, lakini bonasi ni ya mwaka jana, na mwaka jana aliumaliza. Mishahara miwili. Itaingia kwenye akaunti yangu.

Aliumaliza! Kweli aliumaliza, kwa kikohozi kile kile, akitengeneza mitambo ya chupa mpaka Desemba ilipoisha. Kisha Januari ikammaliza yeye.

Nilirudi nikakaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakafika kidevuni, nikalia. Kitoto kimoja kikaniuliza, mwalimu, umekosa rangi?

Nimempigia Shemeji hapo hapo. Kaka yake Fundi, mume wangu. Ndiye aliyeuza mashine yake ya fotokopi kulipia hospitali, na ile mashine ndiyo ilikuwa duka lenyewe. Nikamwambia: bonasi ya mdogo wako ni yako, kanunue mashine nyingine. Akaniomba nirudie, nikarudia. Kisha: "Mungu hamtupi mja wake, shemeji."

Jumatano, 6 Machi

Nimepita dukani kwake. Kalamu, bahasha, gundi. Basi. Pale ilipokuwa mashine, sakafu bado ina mraba msafi, vumbi limeuzunguka. Hajaweka kitu hapo, hata ndoo. Watu wanaingia, wanauliza fotokopi, wanatoka.

Ameshapata mashine, imetumika lakini nzima. Amempa muuzaji neno lake. Leo kanitania, mara ya kwanza tangu msiba: eti nikija kutoa nakala atanitoza bei ya mke wa mkurugenzi. Nilicheka. Nikajisikia vibaya kucheka.

Ijumaa, 15 Machi

Imeingia. Haikutimia.

Nimesimama kwenye mashine ya benki nimetoa macho. Karibu theluthi haipo. Nikatoa kadi, nikaingiza tena, kama vile ilikuwa inatania. Mtu wa nyuma akaguna.

Nimetoa yote. Ada ya Bosi itajijua yenyewe. (Bosi ni binti yetu, jina alilopewa na baba yake, ndiye pekee, alisema, anayemwamrisha bila kumlipa.) Nimempelekea Shemeji yote kama ilivyo. Akahesabu. Akahesabu tena.

"Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote, shemeji."

"Sawa."

Ile sawa! Ningependa anitukane kuliko ile sawa.

Jumapili, 17 Machi

Mdomo uliponza kichwa, na leo kichwa ni changu.

Amekuja Redio kutusalimia. Alikuwa zamu moja na Fundi, wanamwita hivyo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Mtu mwema. Kakaa, kamlilia rafiki yake vizuri, kisha akaanza: mkurugenzi alisimama uani mwenyewe akatangaza, mwaka huu bonasi mishahara miwili kamili, hata marehemu wamekumbukwa! Akamgeukia mama mkwe: "Mwanao ametuachia heshima, mama."

Shemeji alikuwepo. Alikuwa anakunywa maji. Akaweka glasi chini polepole.

Nikamuuliza Redio, na yako iliingia kamili? Akacheka, eti yeye anadaiwa mkopo na kampuni, yake imeliwa kabla haijaiva, hata haangalii wamekata nini. Hapo nikakosa la kushika.

Alipoondoka mama mkwe hakuniangalia. Alikuwa anakunja mashati ya Fundi, yale yale anayoyakunjua asubuhi. Akasema, kana kwamba anayaambia mashati: "Kikulacho ki nguoni mwako."

Tangu mazishi alikuwa ananiita mwanangu. Jioni ya leo kaniita wewe.

Jumatatu, 18 Machi

Bosi kaniuliza tukiosha vyombo. Hakuinua uso.

"Mama, kama ulichukua, ulichukua kwa ajili ya ada yangu?"

Mwanangu alikuwa ameshanisamehe. Hilo ndilo limeniua.

Jumanne, 19 Machi

Nimeomba ruhusa shuleni nikaenda kiwandani. Mlinzi wa getini alinikumbuka, akavua kofia. Joto la tanuri linakupata ukiwa bado uani, na chupa zinagongana kwenye mkanda kama meno ya mtu mwenye homa. Kumbe ndio mlio aliokuwa anarudi nao masikioni. Ndiyo maana nyumbani alikuwa anapaza sauti. Nilikuwa namwambia, Fundi, punguza, sisi si mitambo! Sasa nyumba imenyamaza nilivyotaka.

Mhasibu wa mishahara ndiye yule aliyepiga simu. Msichana tu, mjamzito, miguu imemvimba, viatu kavivua chini ya meza. Nilikuja na maneno makali nimeyapanga. Nikayameza.

"Nani amekula pesa ya mume wangu?"

"Hajala mtu, mama. Imekatwa kodi."

"Kodi gani? Si amekufa?"

Akavuta kiti, nikakaa. Akanieleza bila haraka, kama ninavyowaeleza wanangu wa chekechea kufunga kamba za viatu. Bonasi ni pato kama mshahara, hata tukiiita zawadi. Kiwanda kinakata kwanza, kinapeleka serikalini, ndipo kinalipa. Mshahara unakatwa kila mwezi kwa ngazi, wa chini kidogo, wa juu zaidi. Ndiyo maana hatukuwa tunayasikia makato. Lakini bonasi inakuja kwa mkupuo. Ya mkupuo inakatwa kwa kiwango kimoja tu, awe fundi, awe mkurugenzi.

"Kwa hiyo kompyuta imemdhania Fundi tajiri?"

Kicheko kikamponyoka, akakirudisha. "Imekisia tu, mama. Kukatwa si kudaiwa. Mwaka ukiisha wanajumlisha pato lake lote, ndipo wanajua alitakiwa atoe nini. Iliyozidi inarudishwa."

Nikasema si bonasi ya mwaka jana hii? Akasema jasho ni la mwaka jana, malipo ni ya mwaka huu. Kodi inafuata siku ya malipo. Akawa anapanga kalamu zilizokwisha pangika.

"Na mwaka huu mzee alifanya kazi siku chache, mama. Hata ukijumlisha na bonasi, pato lake halifiki mbali. Karibu yote iliyokatwa inaweza kurudi."

Nilichelewa kuelewa. Nilipoelewa nikatamani nisingeelewa. Angeishi, akaendelea kukatwa kwa ngazi zile mpaka Desemba, wasingerudisha hivyo. Inarudi kwa sababu amekufa mapema.

Nikauliza naombaje. Akasema siwezi kuomba kama mke tu. Aombe msimamizi wa mirathi, aliyethibitishwa na mahakama. Na mahakama itataka muhtasari wa kikao cha familia, wenye saini za ndugu. Mama yake yu hai? Basi na yake.

Yaani wale wale wanaoniona mwizi ndio waseme ninaaminika.

Alinichapia karatasi ya malipo ya Fundi. Chini ya jina lake: Ameacha kazi. Nikasema yeye hakuacha. Mhasibu akasema kompyuta haina neno jingine, akanishika mkono. Mkono wake wa moto. Nikamwambia anyanyue miguu akikaa, aweke juu ya kiboksi. Akasema mama yake angemwambia hivyo hivyo, angekuwepo.

Ijumaa, 22 Machi

Nimejaribu. Nilimkuta Shemeji dukani, anafungua na kufunga droo tupu. Nikamweleza yote, ngazi, mkupuo, makisio. Nikampa karatasi. Akaiinua kwenye mwanga.

"Shemeji, karatasi hata mimi nachapa. Nilikuwa na mashine."

Nikaichukua karatasi, nikaikunja.

Mashine ya pili imeshauzwa kwa mtu mwingine. Muuzaji hakuweza kungoja, naye ana watoto. Zile pesa nilizompa zimeanza kuliwa na kodi ya pango. Kodi huku, kodi kule! Wifi yangu, mkewe, alikuwa kona ya duka. Alijibu salamu yangu kwa kukohoa.

Nimemwambia apige simu ofisini aulize mwenyewe. Anasema watu wa ofisi wana lugha moja, wakikuona mjane mwenye machozi wanakuandikia unachotaka.

Nyumbani nikamweleza mama mkwe. Alisikiliza mpaka mwisho, sikutegemea. Kisha: "Maiti anatozwa kodi? Wanamtafutia wapi?"

Nikasema hawamtafuti, walikata kabla.

"Basi wamjue alipo, wanionyeshe na mimi."

Akarudi kwenye mashati.

Jumatatu, 25 Machi

Sina hasira na mama mkwe. Nilitaka kuwa nayo, imenikataa. Asubuhi nilimkuta ameshika ovaroli ya kazini, ile yenye kovu la moto begani, anainusa. Aliponiona akasema inanuka, ifuliwe. Akaenda kuificha chini ya godoro lake.

Akigombana na mimi, kuna mtu wa kugombana naye. Kifo hakina kola ya kukamata.

Jumamosi, 30 Machi

Shemeji amekuja. Kasimama mlangoni, hakuingia. Nikasema karibu. Akabaki pale pale.

Alikwenda kiwandani. Jana. Hakumwambia mtu. Alitaka kunikamata, kasema hivyo hivyo, "nilitaka nikukamate, shemeji." Mhasibu akamfungulia orodha ya mafundi bila majina, akamwonyesha: wote, bonasi ile ile, makato yale yale. Kisha Shemeji akamwomba Redio, waliyemwita kutoka zamuni, atoe karatasi yake mwenyewe ya malipo mfukoni. Redio alikuwa hajawahi kuifungua! Wakaisoma pamoja. Redio kalaani mpaka wakamtoa nje.

Shemeji akasema: "Ulipokuja dukani nilijua husemi uongo."

"Sasa kwa nini?"

Akakaa kizingitini, mtu mzima yule, akaegemeza kichwa kwenye fremu ya mlango. Alisema nikiwa mwizi ana pa kuipeleka hasira. Kwamba aliuza mashine ili mdogo wake apone, na hakupona. Mashine imekwenda na mtu kaenda. Kama ningekuwa nimeiba, basi angalau kimoja kingekuwa kinarudishika.

Nikakaa naye pale chini. Bosi alituletea chai, akatupita kama wageni wa kawaida, kisha akarudi akanibusu kichwani. Hajafanya hivyo tangu awe mdogo.

Sasa Shemeji ndiye anayesema kikao kiitishwe haraka. Anataka mimi niwe msimamizi. Nilimwambia hata tukianza leo, pesa hairudi kabla mwaka haujaisha, na duka halitangoja. Akasema duka limekwisha, anarudisha funguo mwisho wa wiki. Alisema kwa sauti ya kawaida. Nikarudia lile la Mungu hamtupi mja wake, likasikika dogo sana.

Jumamosi, 6 Aprili

Kikao. Sebuleni kwetu. Wamekuja baba mdogo wa Fundi, shangazi, Shemeji na mkewe. Wifi kaninong'oneza pole, macho chini. Nimepokea. Nitafanyaje nisipokee?

Shemeji kaongoza. Kaeleza makato vizuri kuliko mimi, mpaka shangazi akasema huyu angekuwa mhasibu. Wakacheka kidogo. Baba mdogo kauliza kama naafiki kubeba mzigo. Nikasema naafiki. Muhtasari ukaandikwa, ukasomwa kwa sauti: sisi wanafamilia wa marehemu. Baba mdogo akasaini. Shangazi. Shemeji akasaini, akanisogezea kalamu nimpe mama.

Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwekea karatasi kwenye kitabu, apate pagumu pa kuandikia.

Kaishika kalamu. Kaangalia ile nafasi yake kwa muda. Shemeji akasema mama, usiogope, hatumnyang'anyi mtu, ni kurudisha haki tu. Mama akasema hajui kusoma sana lakini neno moja la pale juu analijua.

"Lipi, mama?"

Akaweka kidole. Marehemu.

"Mwanangu," akasema, na alikuwa ananiangalia mimi, ameniita mwanangu, "nyie wote mmeshasaini kwamba amekufa. Nimebaki mimi."

Shangazi akaanza kulia. Shemeji akasimama, akakaa, akasimama tena. Mama mkwe akachukua karatasi na kalamu, akaenda chumbani, akafunga mlango.

Wageni bado wapo. Nimejifanya naandaa chai ndiyo naandika hapa jikoni. Maji yameshachemka, yanapungua. Baba mdogo anasema tumwache, karatasi ngapi zinaandikwa, itaandikwa nyingine siku nyingine. Shemeji anaangalia mlango. Kule ndani nasikia godoro linanyanyuliwa.

Bosi amekwenda kubisha. Anasema, bibi, ni mimi, nifungulie. Anasema tena. Kitasa kinasogea. Naweka kalamu chini, naenda.