Nani Atakaa Mkiani Hadi Turkana

Kazungu, kaka yangu,

Ni mimi Nyevu, mwanafunzi wako mkaidi wa pikipiki. Ungecheka ungeniona na kalamu, mimi niliyeshindwa hata kukutumia ujumbe mfupi ulipokuwa umelazwa. Nilidhani utatoka. Homa ya wiki moja, nani huiogopa? Sasa ni mwezi wa saba tangu tukuzike na bado nina hasira nawe. Nalisema wazi lisinikae rohoni.

Safari yetu ya Turkana haijafa. Sudi wa Likoni ameshaweka tairi zenye meno makubwa kwa ajili ya mchanga wa jangwa la Chalbi. Mutua wa Changamwe ameichora njia upya: Voi, Isiolo, Marsabit, kisha jangwani mpaka Loiyangalani. Kila Jumapili wanakuja kwangu Kiembeni na tunabishana kuhusu maji, petroli na nani anayekoroma. Jambo moja tu tulikuwa tunalikwepa: nani atakaa mkiani.

Tangu tuanze, mkia wetu ulikuwa wewe. Unakuwa wa mwisho barabarani, humpiti mtu, unabeba pampu na viraka, mwenzako akisimama nawe unasimama. Sisi wa mbele kila njia panda tunazima injini, tunakungoja mpaka utokeze. Nilikuwa nakereka, nakiri. Ulikuja na ule mwendo wako wa kusindikiza harusi, ukavua kofia, ukaniambia, "Dada, barabara haitoroki." Nilipopata pancha kule Kinango uliiziba bila kunilaumu, kisha ukanimenyea chungwa.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kujaribu pikipiki, sisi watatu. Tulipopita Mariakani tukaacha lami. Kwenye njia panda ya kwanza tukazima injini. Sudi akanywa maji. Mutua akatafuna mabuyu yake. Mimi nikaegemea pikipiki, macho kule tulikotoka. Tukakaa karibu robo saa. Mwishowe Mutua akatuhesabu kwa kidole, mmoja, wawili, watatu, akainamisha kichwa.

Tulikuwa tumetimia, Kazungu. Tulikuwa tunakungoja wewe.

Sudi akasema, "Wallahi, mimi siendi Turkana hivi." Akageuza pikipiki. Tukarudi nyumbani.

Wiki nzima nimekuwa nikiwaza. Bila mkia hatuendi, na kila mmoja wetu aliona kukalia nafasi yako ni kukuzika mara ya pili. Na tusipokwenda, basi ile safari uliyoiota miaka yote inakufa nawe. Jana nikawaita, nikawaambia nitakaa mimi. Walinikodolea macho. Nyevu, asiyeweza kungoja chai ipoe! Mutua akacheka, kisha akafuta machozi. Sudi akauliza tunaondoka lini.

Leo asubuhi nilikwenda Jomvu Kuu kwa mkeo Dama kuomba pampu yako. Aliifuta kwa leso yake, akaishika muda mrefu. Nilimwambia kama hataki aseme tu. Akanipa, akanitaka nirudi nayo.

Nimekukumbuka mno, kaka. Njiani nikitoka kwake nilijaribu kwenda mwendo wako, taratibu, pembeni, nikaona kioo changu cha kutazama nyuma kiko kitupu. Miaka yote ile nikikupigia honi uharakishe, sikuwahi kufikiri kwamba nyuma yako hapakuwa na mtu. Sisi tulikuwa na wewe. Wewe ulikuwa na nani? Laiti ningekuuliza, hata mara moja, tukila chungwa lile.

Haya, pumzika. Nakuahidi sitampita mtu, na pampu nitamrudishia Dama mkononi mwake. Na pale njia panda ya kwanza, nikiwakuta Sudi na Mutua wamezima injini, macho yao barabarani, nitasimama kando yao, nitavua kofia na kuwaambia wawashe, hakuna mwingine anayekuja.

Dada yako,
Nyevu