Chenga za Shangazi Ethel

Shikamoo, Shangazi. Mwaka umekatika tangu tukuzike hapa nyumbani Nanganga, na leo nina habari mpaka nashindwa kukaa: TV yako imewaka!

Shule niliacha kidato cha pili, unajua. Walimu wengine wakinikuta stendi wanageuza shingo. Wewe, mwalimu wa fizikia Newala nzima inakujua, ulikuwa unaniita: "Anderson, njoo ule." Unanipa muhogo, halafu unaniwashia ile TV ya zamani ya chogo isiyoshika stesheni hata moja.

"Unaziona hizo chenga? Nyingi makelele ya hapa hapa. Ila chache ni mwanga wa kwanza kabisa, wa ulimwengu ulipokuwa mtoto, wa moto."

Nikabisha. Ukanivuta jikoni: mkaa wa asubuhi, jioni ukisogeza kiganja bado vuguvugu. Ulimwengu nao ulitanuka, ukapoa, lakini lile joto halijaisha, antena inalidaka. Babu Cuthbert akauliza, kabla ya hapo kulikuwa na nini? Ukapiga makofi: "Sijui, baba! Hakuna anayejua! Si raha hiyo?"

Na ubahili wako wa maji! Kikombe kimoja unanawia uso, maji yale yale unamwagia mchicha. Shida ya maji ya Newala ilikufunza.

Siku ya matanga mtani wako Fakihi akaibeba TV, na kanga yako juu. "Mwenyewe kafa, na hii imekufa. Nakwenda kulalishia kuku." Mtani akishabeba kitu msibani, nani amzuie? Mwaka mzima roho iliniuma. Nilijua keshaichokonoa, imebaki boksi.

Jumamosi tumekuwekea msalaba. Fakihi huyo, juu ya bodaboda, TV kaifunga kwa kanga yako, nzima! "Ningewaachia nyie, mngeuza chuma chakavu!"

Tukachomeka. Shhhhh! Chenga tupu! Watoto wakapiga kelele: "Mbovu!" Fundi Emmanuel akainuka azungushe antena. Fakihi akampiga mkono:

"Acha! Mwanzo wa ulimwengu huo, unataka kuupeleka wapi?"

Uwanja mzima kicheko, hadi babu. Nikawaeleza watoto ile ya jiko, mimi huyu huyu. Wakasogea, wakaweka viganja kwenye kioo. Mmoja akaniuliza kabla ya hapo kulikuwa na nini. Nikamwambia sijui, nikajikuta napiga makofi.

Tunaokukumbuka: baba yako, Babu Cuthbert, dada yako Regina, wanao Witness na Flora, mtani wako Fakihi, TV kairudisha, kanga kagoma, na mimi Anderson, mtoto wa kaka yako.

Popote stesheni itakapokatika, Shangazi, hapo tutakukumbuka daima.